Wifi katuma kopo la maziwa ya soya, mama mkwe anataka tukaange soya ya shambani: ndani ya kopo kuna nini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mafinga, mwalimu wa shule ya msingi, nimelifupisha kidogo:

"Kamwene dokta. Mtoto wangu ana miezi 2 na nusu, likizo inakaribia kuisha. Alizaliwa kilo 3.1, juzi kliniki alikuwa 5.4, ila anacheua sana na choo ni chepesi cha njano, majirani wanasema maziwa yangu yana laktosi hayamfai. Wifi yangu katuma kopo la gramu 400 la maziwa ya unga ya soya, kalinunua safarini. Mama mkwe anasema hela ya makopo ya nini wakati soya tunalima, tukaange tusage tumpe kijiuji chepesi. Naomba kujua kwenye kopo kuna nini hasa, na je naweza kutengeneza mwenyewe?"

Kamwene mwalimu. Kwanza mimi sio dokta, ni afisa lishe, ila huku Mbeya ukivaa koti jeupe tu ushakuwa dokta, nimeshachoka kubishana. Swali lako nimelipenda kwa sababu wengi wanauliza "ni nzuri au mbaya", wewe umeuliza ndani kuna nini, na ukishajua ndani kuna nini hayo mengine yanajijibu.

Nianze na kitu ambacho jina linakichanganya. Maziwa ya kopo ya soya sio unga wa soya. Yaani soya imo ndio, lakini kilichochukuliwa kwenye soya ni protini peke yake, maharage yamekamuliwa mafuta yote, yakaondolewa ganda, wanga na makapi, ikabaki protini tupu nyeupe ambayo kwenye kopo utaikuta imeandikwa kwa neno la aisoleti. Hiyo ndo soya yenyewe, na kwa uzito haifiki hata robo ya kilichomo kwenye kopo. Vingine vyote vimetoka kwengine kabisa. Mafuta ni ya mimea, mara nyingi mchanganyiko wa mawese, nazi, alizeti na mafuta ya soya yenyewe, wanachanganya ili yafanane fanane na mafuta ya maziwa ya mama. Utamu na nguvu vinatoka kwenye shira ya mahindi iliyokaushwa au sukari ya kawaida, maana soya haina laktosi. Alafu ndo inakuja ile orodha ndefu ya maandishi madogo ambayo watu wanairuka, vitamini na madini, na ukiniuliza mimi hiyo ndo sehemu ya maana kuliko zote, nitakwambia kwa nini.

Ukishakoroga kama kopo linavyosema, mililita 100 inakupa nishati kama kilokalori 67, protini gramu 1.7 hivi, mafuta gramu 3.6, wanga gramu 7 kasoro kidogo. Maziwa yako wewe mililita hizo hizo yana nishati karibu ile ile, mafuta yanakaribiana, wanga ni gramu 7 ambayo karibu yote ni laktosi, ila protini ni kama gramu 1 tu. Unaona hapo? Ya kopo yana protini nyingi kuliko ya mama, na sio kwamba ndo bora. Protini ya mmea haijakamilika kama ya mnyama, ya soya ina upungufu wa kiambato kimoja kinaitwa methionini, kwaiyo wanafanya mambo mawili, wanaweka protini nyingi zaidi na wanaongeza methionini ya kiwandani. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa maziwa ya watoto wachanga kinasema maziwa ya kopo yanayotokana na ng'ombe yawe na protini angalau gramu 1.8 kwa kila kilokalori 100, ya soya angalau gramu 2.25, na yote yasivuke gramu 3. Wanaongeza pia kanitini na taurini, ni vitu ambavyo mtoto angevipata kwenye maziwa ya mama au ya mnyama lakini kwenye mmea karibu havipo.

Sasa njoo kwenye soya ya mama mkwe. Gramu 100 za soya kavu zina protini kama gramu 36. Gramu 100 za unga wa kwenye kopo zina protini kama 13. Mama mkwe akisikia hivo atasema si unaona, ya kwetu ina protini mara tatu! Na ndo hapo shida ilipo, figo za mtoto wa miezi miwili bado changa, protini ikizidi zinahangaika kuitoa na zinatumia maji ya mwili wa mtoto kuitoa. Kwa mtoto huyu protini nyingi sio sifa.

Juzi nilifanya kajaribio ofisini baada ya kusoma meseji yako. Nilichukua glasi mbili, moja nikakoroga unga wa soya niliotoa soko la Mwanjelwa, umekaangwa vizuri kabisa una harufu kama karanga, nyingine nikakoroga maziwa ya kopo ya soya. Nikaziacha juu ya meza nikaendelea na wateja. Baada ya kama robo saa ile ya unga ilishajigawa, chini tope la kahawia, juu maji ya njano yenye harufu ya maharage, nikichota kwa juu napata maji, nikichota chini napata udongo. Ile ya kopo ipo vile vile, rangi ya krimu, nzito sawa juu mpaka chini, ukionja ina utamu kidogo alafu mwishoni inakuachia kaladha ka kunde. Sasa fikiria ile ya kwanza ndo umeiweka kwenye chupa ya kunyonyea, mtoto wa saa mbili asubuhi anapata maji, wa saa nne anapata tope, ni mtoto huyo huyo.

Lakini la kuonekana kwa macho ni dogo, kubwa ni lile lisiloonekana. Chukua kalsiamu na fosforasi. Mtoto anayejenga mifupa anataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi, isivuke mara mbili, ndivyo Codex wanavyodai. Soya kavu ina kalsiamu kama miligramu 277 kwa gramu 100 na fosforasi kama 704, yaani imepinduka kabisa. Na sehemu kubwa ya hiyo fosforasi imefungwa kwenye kitu kinaitwa fitati, kinachong'ang'ania madini, chuma na zinki na kalsiamu vinapita tumboni vinatoka kwenye nepi. Hata kwenye ile protini iliyochujwa ya kiwandani fitati inabaki kidogo, kama asilimia 1 mpaka 2, ndo maana viwanda vinaongeza madini juu zaidi kuliko kwenye maziwa ya kopo ya ng'ombe. Ukisoma kopo utakuta chuma kama miligramu 1.2 kwa mililita 100. Soya ya shambani kwenye karatasi ina chuma kingi sana, zaidi ya miligramu 15 kwa gramu 100, watu wanaona namba wanafurahi, ila kilichoandikwa na kinachoingia kwenye damu ya mtoto ni vitu viwili.

Vitamini B12 kwenye soya hakuna. Vitamini A karibu hakuna. Vitamini D hakuna. Madini joto ndo usiseme, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu linatugusa watu wa nyanda za juu. Bibi zetu wengi walikuwa na goita, wengine mnakumbuka ile shingo, ardhi yetu ya milimani ina madini joto kidogo ndo maana ikaja chumvi yenye madini joto. Sasa soya ina viasili vinavyosumbua tezi ya shingo, na zamani huko Marekani, miaka ya 1950, walikutana na watoto wachanga waliokuwa wanalelewa kwa maziwa ya soya wakaota goita. Walipoanza kuongeza madini joto kwenye kopo tatizo likaisha. Kwaiyo ukikuta kwenye lebo wameandika ayodini, ndo hayo madini joto, ujue haipo kwa mapambo. Wewe ukikaanga soya ya Mufindi ukamkorogea mtoto asiyekula chumvi, hiyo ayodini itatoka wapi?

Kuna na lile la kukaanga lenyewe. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia tumbo kusaga protini, moto ndo unakiua. Kukaanga juu juu hakutoshi, nje inakuwa nyeusi ndani bado mbichi, na huku kwetu juu hata kuchemsha kunataka subira, maana maji ya Mbeya mjini yanachemka kwenye nyuzi kama 94 sio 100 kama ya Dar. Mtoto wa dada yangu Tukuyu alipewa uji wa soya akiwa na miezi mitatu, bibi yake alikaanga kwa nia njema kabisa, usiku kucha tumbo limejaa gesi kama mpira, tukapokezana kumbeba mgongoni mpaka alfajiri.

Na kama unadhani kukosekana kwa kitu kimoja kidogo sio tatizo, mwaka 2003 kule Israeli watoto wachanga walianza kuletwa hospitalini wanatapika, wamelegea, macho hayachezi vizuri. Madaktari walihangaika mpaka wakagundua wote wanatumia maziwa ya kopo ya soya ya aina moja, wakapima, vitamini B1 karibu haimo kabisa. Kitu chenyewe ni kipimo kidogo ambacho kwa macho usingekiona. Watoto kadhaa walifariki na wengine wakabaki na ulemavu. Hicho ni kiwanda kizima chenye maabara. Jiko la Mafinga lenye kinu na chekecheo haliwezi kukisia vitamini kwa kijiko, nasema hivi kwa heshima zote kwa mama mkwe.

Kwaiyo swali lako la pili, hapana, huwezi kutengeneza mwenyewe. Na sio kwamba watu hawajajaribu, mwaka 1909 kuna daktari wa Baltimore anaitwa John Ruhräh alianza kuwapa watoto wachanga unga wa soya wasioweza maziwa ya ng'ombe, na kwa miaka mingi baadae maziwa ya soya yalikuwa ya unga mzima hivo hivo, choo kinalainika, kinanuka, nepi zinachafuka hovyo. Ile protini iliyochujwa ilikuja kushika miaka ya 1960. Sisi tukirudi kwenye unga mzima tunarudi walipotoka wenzetu.

Sasa je mtoto wako anaihitaji hata hiyo ya kopo? Kwa maelezo yako, sioni. Kilo 3.1 mpaka 5.4 kwa miezi miwili na nusu ni kama gramu 30 kila siku, mwalimu huyo mtoto anashiba. Kucheua umri huo ni kawaida, mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakaza. Choo chepesi cha njano ndo choo cha mtoto anayenyonya, ningeshtuka kama kingekuwa kigumu. Na hilo la laktosi nalisikia kila wiki hapa kliniki sijui nani alilisambaza. Maziwa ya kila mama yana laktosi nyingi na watoto wameumbwa nayo. Mtoto anayezaliwa hawezi laktosi kabisa ni nadra sana, na huyo hasubiri miezi miwili na nusu, anaharisha maji tangu siku za mwanzo na uzito unashuka. Ukiona damu kwenye choo, kutapika kwa nguvu, vipele vinavyofumuka akinyonya, au uzito umesimama, hapo usiniandikie mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaohitaji kweli maziwa ya soya ni wachache. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa galaktosemia, mwili hauwezi kushughulikia sukari inayotoka kwenye laktosi, huyo hata ya mama yake hayamfai na soya inamsaidia. Kuna hao wasio na kimeng'enya cha laktosi tangu kuzaliwa. Wengine ni wazazi wasiotaka kitu cha mnyama. Kwa aleji ya maziwa ya ng'ombe watu wanakimbilia soya, lakini chama cha madaktari wa watoto Marekani kwenye taarifa yao ya 2008 wanasema asilimia 10 mpaka 14 ya watoto wenye aleji hiyo wanapata aleji na ya soya pia, na wenzao wa Ulaya hawaitaki kwa mtoto mwenye aleji aliye chini ya miezi 6. Njiti waliozaliwa chini ya gramu 1800 hawapewi, mifupa yao haikomai vizuri kwa soya. Mtoto anayetumia dawa ya tezi ya shingo nae daktari ajue, soya inazuia dawa kunyonywa.

Utaulizwa pia kuhusu homoni, maana mitandaoni wanasema soya inawafanya watoto wa kiume wawe sijui nini. Ukweli ni kwamba soya ina aisoflavoni, kitu kinachofanana kidogo na homoni ya kike, kwenye lita moja ya maziwa ya kopo ya soya zinakuwa kama miligramu 32 mpaka 47, ya mama yana kiasi kidogo mno ukilinganisha. Hiyo taarifa ya 2008 iliangalia hilo nayo ikasema hakuna ushahidi thabiti wa madhara kwa ukuaji au uzazi wa mtoto aliyezaliwa na umri kamili. Mimi msimamo wangu ni kwamba kama mtoto hana sababu ya kutumia basi hamna haja ya kumpa, na kama ana sababu ya kitabibu basi mama asikeshe analia kwa ajili ya aisoflavoni.

Tupige na hesabu kidogo wewe ni mwalimu. Mtoto wa kilo 5.4 anayetegemea kopo tupu anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo, hiyo ni 810 kwa siku. Kila mililita 100 inakula unga kama gramu 13, kwaiyo gramu 105 kwa siku. Kopo la wifi la gramu 400 halifiki siku nne! Kwa mwezi makopo nane. Na nikwambie ninachokiona, kopo likikaribia kuisha na mshahara haujatoka, mama anaanza kupunguza kijiko, badala ya vitano anaweka vitatu, maziwa bado ni meupe, mtoto bado anameza, lakini uzito kwenye kadi unalala. Tena vijiko vyenyewe vinatofautiana, makopo mengi ya Ulaya kijiko kimoja ni kwa mililita 30 za maji, ya Marekani mengi kijiko kimoja ni kwa 60, na kijiko cha kopo hili sio cha kopo lile. Usikopeshane kijiko na jirani, na kijiko ni cha kusawazisha kwa kisu, sio kilima.

Na kama siku moja ikabidi kweli, ujue unga wa kopo sio safi kama watu wanavyodhani, una uwezekano wa kuwa na bakteria, ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema maji yachemke, yaachwe yasizidi nusu saa, yawe bado na nyuzi 70 au zaidi unapokoroga, ndo upoze chupa kwenye maji baridi. Hizo 94 zetu za kuchemka zinatosha vizuri tu. Wengi hapa nyumbani wanatumia maji ya chupa ya chai yaliyochemshwa asubuhi, ikifika mchana wa Juni Mafinga hayo ni vuguvugu tu, hayaui kitu. Na kilichobaki kwenye chupa ya mtoto baada ya masaa mawili kimwagwe, najua kinauma.

Kazini utafanyaje? Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inakupa hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, ongea na mwalimu mkuu kabla likizo haijaisha, usisubiri siku ya kuripoti. Anza sasa hivi kukamua asubuhi baada ya mtoto kunyonya upande mmoja, mwanzoni utapata vijiko viwili vitatu usikate tamaa. Kwenye chombo safi chenye mfuniko maziwa yanakaa masaa manne bila friji kwenye ubaridi wa kwenu, kwenye friji siku nne. Mlezi ampe kwa kikombe kidogo, sio lazima chupa, kikombe kinaoshwa kikaisha.

Kopo la wifi usilifungue, mshukuru tu, alijali. Ila angalia tarehe, na ukitaka nipige jicho nitumie picha ya upande wa nyuma wenye jedwali, maana kuna makopo ya soya yameandikwa ni ya kuanzia mwaka mmoja na picha ya mtoto mbele ni ile ile.

Na mama mkwe usimkatalie soya yake moja kwa moja, mwambie miezi sita ikifika inatakiwa sana, mkoa wenu huo wa Iringa kwenye utafiti wa afya wa 2022 udumavu ulikuwa asilimia 56.9, wa kwanza nchini, na chakula tunalima cha kulisha wengine. Iloweke usiku, ichemshwe vizuri, itolewe ganda, ianikwe ikauke, ndo ikaangwe na kusagwa, sehemu moja ya soya kwa tatu au nne za mahindi, sio ule unga wa nafaka kumi unaouzwa. Miezi mitatu na nusu sio mbali, hilo debe lake aliweke juu ya kichanja lisipate unyevu.